Bwawa la kuvulia samaki upande wa Karen: linafaa familia isiyojua kuvua?

Linafaa, na sababu kubwa ni kijana anayewahudumia wageni pale. Jina la shamba nimeliacha kwa kuwa nina malalamiko mawili ambayo nimeshayazungumza na mwenye shamba, na ameahidi kuyarekebisha. Ni shamba la samaki la mtu binafsi: mabwawa manne nyuma ya ua wa michongoma, jakaranda chache za kivuli, choo safi, jiko la kuni. Tulienda mimi na mume wangu, mama mkwe, kaka yangu na watoto wake, na majirani wawili kutoka Umoja. Kati yetu sote, aliyewahi kuvua ni mama mkwe peke yake, aliyekulia Usenge kando ya Ziwa Victoria.

Kijana yule anajua kufundisha. Kila mtoto alimpa ufito wa mwanzi usio na rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi), mshipi usiozidi urefu wa ufito wenyewe, boya dogo na ndoana ndogo. Tilapia ana mdomo mdogo, na ukitumia ndoana kubwa atakula chambo chote pembenipembeni akuachie chuma kitupu. Kile kijino cha ndoana kinachomzuia samaki asichomoke alikuwa amekilaza kwa koleo, ili ikimchoma mtoto kidoleni itoke bila kurarua. Chambo kilikuwa ugali uliokandwa na unga wa ngano, na nyungunyungu kwa wasioogopa kuwashika. Kisha akawaambia watoto watazame boya tu. Likizama, inua taratibu. Mtoto wa kaka yangu, mwenye miaka saba, aliniita kwa sauti, "Shangazi, limeenda!" na samaki alikuwa nje kabla sijainuka kwenye mkeka. Mtu mzima aliyekuja na fimbo ya dukani yenye rili alikuwa bado anafumua mshipi uliojisokota. Kwa siku ya kwanza, kodi mwanzi.

Kushika samaki nako kuna namna yake, na kijana alilirudia somo hili kwa kila mtu. Pezi la mgongoni la tilapia lina miiba. Telezesha kiganja kilicholowa kutoka kichwani kuelekea mkiani ili miiba ilale, ndipo ufinye. Ukianzia mkiani, utachomwa.

Msidamke usiku mkidhani samaki hukamatwa alfajiri tu. Kwenye bwawa la kufugia, mimea midogo inayoyapa maji ule ukijani huvuta oksijeni usiku kucha badala ya kuitoa, kwa hiyo kukipambazuka hewa majini huwa haba kuliko saa nyingine yoyote, na samaki hana hamu ya chakula. Tena tilapia ni samaki wa joto. Hustawi maji yakiwa nyuzi 25 hadi 30, na yakishuka chini ya 20 hula kwa uvivu mno. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,700, Karen juu zaidi, na mnaijua baridi yetu ya Julai. Sisi tulifika saa nne, maboya yakaanza kuzama sawasawa saa tano jua lilipokolea. Swali moja la kuuliza kwa simu mapema ni kama samaki watalishwa asubuhi hiyo. Wakishiba, mtakaa mkitazama maji. Na mkifika, ulizeni huwa wanalishiwa upande gani wa bwawa, mtandike mkeka hapohapo.

Watoto walipewa bwawa la mchanganyiko, lenye majike na madume. Wafugaji wengi huweka madume matupu kwa sababu tilapia huanza kuzaa akiwa mdogo, na bwawa hujaa samaki wasiokua. Kwa biashara ni hasara, ila kwa mtoto asiye na subira hakuna bwawa bora kuliko lililojaa wadogo wenye njaa. Wadogo hurudishwa bila malipo. Wakubwa unawanunua kwa kilo, shilingi 600, upende usipende. Elewaneni juu ya hilo kabla ya ndoana kuingia majini, maana watu kumi wanaoona raha watavua hadi mfuko ulie. Kiingilio ni 200 kwa mtu mzima na 100 kwa mtoto, mwanzi unakodiwa 300, yote kwa M-Pesa. Bwawa la kambare waachieni watu wazima. Ana nguvu, ana miiba kwenye mapezi ya ubavuni, na huwezi kumpa mtoto amshike.

Sasa malalamiko. Bwawa moja limetandikwa plastiki nzito nyeusi hadi ukingoni. Plastiki hiyo ikilowa huteleza kama mlenda, na aliyetumbukia hapati pa kushika, hata kama anajua kuogelea. Hapakuwa na kamba wala ngazi, na jaketi za kuokolea zilikuwa chache, zote za watu wazima. Tuliwahamisha watoto wote kwenye bwawa la udongo, kila mtu mzima akapewa watoto wake wa kuwaangalia, kwa majina. Nendeni na kamba yenu ndefu, na msikubali bwawa la plastiki kwa watoto hata mkiambiwa ndilo lenye samaki wengi.

La pili ni ladha. Jikoni walikaanga wale tuliovua muda huohuo, wakaleta na ugali, sukuma wiki na kachumbari. Mama mkwe alionja, akaweka kipande chini. "Huyu ngege ananuka tope," akasema, akimwita tilapia kwa jina la Kijaluo, naye alikuwa sahihi. Harufu hiyo hutokana na viumbe vidogo vya bwawani, huingia kwenye mnofu, na kukaanga hakuiondoi. Dawa yake ni kumweka samaki kwenye maji safi yanayobadilishwa, bila chakula, kwa siku kadhaa. Shamba lina tangi la namna hiyo kwa samaki wanaopelekwa hotelini, lakini wageni hawaambiwi. Mama mkwe aliomba tubadilishiwe, kilo kwa kilo, na wakakubali. Ndimu tuliyokuwa nayo iliwapunguzia harufu wale waliokwisha kukaangwa, si kuimaliza. Mnapopiga simu, ombeni wa tangi kwa ajili ya kula, na wale wenu waingie tangini.

Matatu za 111 zinazokwenda Ngong hupita Karen, kisha ni bodaboda hadi langoni. Jumapili mchana huja watu wengi na kijana yule ni mmoja tu, kwa hiyo mkiwa na watoto chagueni Jumamosi, na mwombeni yeye mnapoweka nafasi.