Kasti iliyozamishwa kwenye chumvi: bamba la deraya lililonimalizia biti

Mimi ni mkerezaji. Kazi nilijifunzia Tanga, siku hizi riziki naitafutia Wolverhampton, Uingereza. Mwezi uliopita yaliingia karakanani kwetu mabamba manne ya kasti, yaani chuma cha kumimina chenye kaboni nyingi, unene mm 12, tuyatoboe matundu. Mwenye kazi akasema anataka kuyajaribu kama deraya ya nyongeza ya gari la jeshi. Nikacheka. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akituonya kila siku: kasti usiipige nyundo, itakupasukia kama chungu.

Lakini hii si kasti ya vifuniko vya mitaro. Katika kasti ya kawaida kaboni hukaa kama magamba membamba, na ufa ukianza hufuata magamba hayo. Hii hutiwa magnesi ikiwa bado uji, kaboni ikajikusanya kuwa vidonge vya mviringo. Kisha hupashwa moto hadi kama nyuzi 900, ikatumbukizwa kwenye chumvi iliyoyeyuka, nyuzi kati ya 250 na 400, ikaachwa humo mpaka itulie. Chumvi ikiwa na joto la chini, bamba hutoka gumu zaidi; joto likipanda, hutoka lenye kunyumbuka. Viwandani wanaiita ADI, kifupi cha Kiingereza austempered ductile iron, na imeshazoeleka kwenye gia na meno ya makatapila.

Sasa keke ya kutobolea. Nikafunga biti ya kobalti, mwendo wa taratibu, mm 3 za mwanzo zikaenda vizuri. Nikalegeza mkono kidogo nimwagie maji ya kupozea, biti ikawa inazunguka pale pale bila kula. Kosa langu hilo. Ikalia, ncha ikageuka bluu, na chini ya tundu pakabaki duara linang'aa kama kioo. Biti mpya nayo ikateleza juu yake. Ndani ya kasti hii kuna sehemu ya chuma ambayo ukiibana kwa nguvu hubadilika hapo hapo ikawa ngumu kupita ilivyokuwa. Kwangu ni balaa. Kwa anayetaka kuzuia risasi, ndicho anacholipia.

Matundu yenyewe yana kazi. Risasi ikigusa ukingo wa tundu hupinda au huvunjika, na kwa kuwa bamba hufungwa mbali kidogo na bodi, inafika kwenye bodi imeshalala ubavu. Ila kuyatoboa baada ya chumvi ni kujitafutia adhabu. Faida ya kumimina ni kwamba tundu hulitoa kwenye kalibu bure!

Uzito nao unavutia: bamba la mita moja ya mraba, unene mm 10, ni kama kg 71; la pua, yaani feleji, ni 78 na nusu. Zidisha kwa gari zima.

Bunduki sina, ninayo nyundo. Nikakata vipande viwili, nikavifunga kwenye jiliwa kimoja kimoja. Cha kwanza nilikitwanga mpaka kikapinda kidogo, hakikupasuka, mzee angeshangaa. Cha pili nilikichora kwanza kwa msumeno, mchoro wa mm 1 tu. Kikakatika kwa pigo la pili. Hapo furaha ikapungua, maana gari la vita haliishi bila mikwaruzo.

Na kuchomelea usahau. Moto wa kuchomelea huharibu kila kilichojengwa na chumvi, na kando ya mshono chuma huwa cha kukatika. Kule Bovington, makumbusho ya vifaru, nimewahi kuiona Sherman M4A1, kifaru cha Marekani cha Vita Kuu ya Pili, waliyoibandika jina la Michael, bodi yake yote ya kumiminwa, mabega ya mviringo kama mtungi. Watu wakiitazama hudhani ni kasti. Ile ni pua iliyomiminwa, kaboni yake ndogo, na fundi aliweza kuiziba kwa kuchomelea. Hii ikipasuka unafungua bolti, unaweka nyingine.

Kwa bodi ya gari, nyota 1. Kwa mabamba ya nyongeza ya kufunga kwa bolti, nyota 4, na ningeongeza nusu kama si biti zangu tano.

Mwenye kazi ameagiza mengine manane. Nimemwambia yasipokuja na matundu yake, atafute keke nyingine.