Signal kwenye laini iliyosajiliwa kwa kidole: inalinda nini, inaacha nini

Kwa anayetaka maneno yake yabaki kati yake na anayemwandikia, Signal ndiyo programu ya meseji tunayoiweka namba moja, na hatusiti. Lakini ukiipakua na kuiacha kama ilivyokuja, umepata nusu tu ya kazi yake. Nusu nyingine imo kwenye mipangilio ambayo watumiaji wengi hawajawahi kuifungua, na kwetu Afrika Mashariki nusu hiyo ndiyo yenye uzito.

Programu ni ya bure na haina matangazo. Mwenye nayo ni Signal Foundation, taasisi isiyotafuta faida iliyoanzishwa 2018 na Moxie Marlinspike pamoja na Brian Acton, mmoja wa waanzilishi wa WhatsApp, aliyetoa dola milioni 50 za kuanzia. Leo inategemea sana michango ya watumiaji. Meseji, simu, video na magrupu yote hufungwa ndani ya simu yako na kufunguliwa ndani ya simu ya mwenzako, bila wewe kuwasha chochote. Huko njiani, kampuni ya simu, mwenye Wi-Fi na Signal wenyewe hawaoni kilichoandikwa.

Wengi huuliza: si WhatsApp nayo iko hivyo? Kufuli ni lile lile, kwa kuwa WhatsApp imetumia itifaki ya Signal, yaani kanuni zake za kufunga meseji, tangu 2016. Tofauti ni kile anachobaki nacho mwenye programu. WhatsApp inaweza kujua unawasiliana na nani, saa ngapi na uko kwenye magrupu gani, na nakala ya meseji zako iliyoko Google Drive haifungwi kwa ufunguo wako mpaka uwashe mwenyewe. Signal ilipopelekewa hati ya mahakama ya Virginia, Marekani, mwaka 2016, ilichoweza kutoa ni vitu viwili: lini akaunti ilifunguliwa na siku gani iliunganishwa kwa mara ya mwisho. Telegram ni habari nyingine kabisa. Mazungumzo yake ya kawaida na magrupu yake hayafungwi kwa namna hii, na anayeitumia akidhani ni siri amepotoshwa na sifa za mitaani.

Sasa tuingie kwenye udhaifu mkubwa wa Signal, yaani namba ya simu. Huwezi kufungua akaunti bila namba, na msimbo wa kuthibitisha huja kwa SMS ya kawaida ambayo kampuni ya simu inaiona. Tanzania ilianza kusajili laini kwa alama za vidole na namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, tarehe 1 Mei 2019, na baada ya 20 Januari 2020 laini ambazo hazijasajiliwa zikaanza kuzimwa. Kwa hiyo namba yako si namba tu. Ni kidole chako, jina lako lote na tarehe yako ya kuzaliwa. Kampuni ya simu inaweza kujua kwamba laini hii imepokea msimbo wa Signal na kwamba simu hii inazungumza na seva za Signal. Haiwezi kujua unamwandikia nani wala unasema nini. Mahali ambapo watumiaji wa Signal ni wachache, huko kujulikana tu kwamba unaitumia kunaweza kukuletea maswali, na hilo hakuna mpangilio wa kulifuta.

Unachoweza kufuta ni namba yako machoni pa wenzako. Kabla ya Februari 2024 kila mwanagrupu aliona namba za wote, kwa hiyo simu moja ikikamatwa ilikabidhi orodha nzima, na kila namba humo ilikuwa na kidole chake kwenye daftari la usajili. Siku hizi kuna jina la mtumiaji. Fungua Mipangilio, gusa jina lako juu kabisa, chagua kuweka jina la mtumiaji. Lazima limalizike kwa nukta na tarakimu angalau mbili, mfano mkulima.58. Kisha nenda Faragha, Namba ya simu. Sehemu ya nani anaweza kuona namba yangu, weka Hakuna. Ya nani anaweza kunitafuta kwa namba yangu, weka Hakuna pia. Hii ya pili ndiyo watu huisahau, kwa sababu huja ikiwa wazi kwa kila mtu. Ukiiacha hivyo, yeyote mwenye orodha ya namba anaweza kuijaribu moja moja na kujua zipi ziko Signal. Kuna jambo moja mipangilio hii haitibu: mtu ambaye tayari amekuhifadhi kwenye majina ya simu yake ataendelea kuona namba yako. Na jina la wasifu linalotokea juu ya meseji ni kitu tofauti na jina la mtumiaji, kwa hiyo usifiche namba halafu ukaandika majina yako matatu na picha ya kitambulisho cha kazi.

Baada ya hapo weka PIN na uwashe kufuli la usajili, sehemu ya Akaunti. Bila kufuli hilo, anayefanikiwa kurudisha laini yako kwa jina lake, au anayeweza kusoma SMS zako, anaweza kujisajili Signal kama wewe. Hataona meseji za zamani, maana hizo ziko ndani ya simu yako, lakini ataanza kuwaandikia watu wako. Signal huwaonyesha wenzako kwamba namba ya usalama imebadilika. Ni tarakimu 60 ambazo mnaweza kuzilinganisha kwa kusomeana au kwa kuskani mkiwa pamoja. Ilani hiyo ikitokea, piga simu ya sauti, sikia mtu anayejibu ni nani, ndipo uendelee. Tarakimu nne za mwaka wa kuzaliwa si PIN, maana zimo kwenye kila fomu uliyowahi kujaza. Tumia herufi na tarakimu. Na ujue kwamba kufuli huisha nguvu akaunti ikikaa siku 7 bila kutumika.

Tukisema wazi, serikali inayotaka meseji zako mara nyingi haihangaiki kuvunja usimbaji, yaani hilo kufuli la meseji. Inachukua simu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015, kifungu cha 31, inampa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kutoa amri ya upekuzi na ukamataji wa kifaa, bila kupitia kwa hakimu. Tunaona hilo ni kosa kubwa la sheria hiyo, kwa sababu simu ya leo ina habari nyingi za mtu kuliko nyumba yake. Simu ikishakuwa mezani na iko wazi, Signal haina la kufanya. Kilichomo kinasomeka kama gazeti.

Ndiyo maana meseji zinazojifuta ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Weka muda wa kujifuta kuwa wa kawaida kwa mazungumzo yote mapya, Faragha, Meseji zinazojifuta. Wiki moja inatosha kwa wengi, siku moja kwa mambo nyeti. Kiwango cha juu ni wiki 4. Kwa aliyepokea, saa huanza kuhesabu anapoisoma, si inapofika. Mpangilio huu haugusi mazungumzo yaliyokuwepo kabla, kwa hiyo hayo ya zamani yaingie moja moja na kuyawekea muda. Na hauzuii mtu kupiga picha skrini kwa simu nyingine.

Upande wa simu yenyewe, ondoa kufungua kwa kidole unapokuwa na sababu ya kuhofia upekuzi, kwani kidole kinaweza kushikwa na kuwekwa kwenye kioo. Tumia namba ya siri ya tarakimu 6 au zaidi. Kabla ya kizuizi cha barabarani au mpakani, zima simu kabisa. Simu ya kisasa iliyozimwa huwa imefunga hifadhi yake mpaka namba ya siri iingizwe, na ni ngumu zaidi kwa mashine za kunyonya data kama za Cellebrite kuliko simu iliyofungwa skrini tu. Ndani ya Signal washa kufuli la skrini, na kwenye arifa chagua kutoonyesha jina wala ujumbe. Simu iliyofungwa inayoonyesha "Mama Asha: tukutane saa tisa" haijafungwa.

Vifaa vilivyounganishwa ndiyo mlango ambao wavamizi wanaupenda. Signal inaruhusu kuunganisha hadi vifaa 5, kama kompyuta ya ofisini, kwa kuskani msimbo wa QR. Februari 2025 Google ilieleza jinsi makundi yenye uhusiano na Urusi yalivyowatumia watu misimbo ya QR iliyovalishwa sura ya mwaliko wa grupu; aliyeskani aliunganisha kompyuta ya mvamizi, na kila meseji ikawa inafika kwa wote wawili. Fungua orodha ya vifaa kila wiki na uondoe usichokitambua. Mwaliko wa kweli wa grupu haukudai uunganishe kifaa.

Programu za kijasusi kama Pegasus ziko nje ya uwezo wa Signal. Desemba 2021 iliripotiwa kwamba simu za watumishi wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani waliokuwa wakifanya kazi zinazohusu Uganda ziliingiliwa kwa Pegasus, ambayo husoma kilicho kwenye simu baada ya meseji kufunguliwa.

Matatizo ya kila siku ni madogo ila yanakera. Kwenye Tecno, Infinix na Xiaomi nyingi, mfumo wa kuokoa betri huilaza Signal nyuma ya pazia, meseji zikachelewa mpaka uifungue. Nenda mipangilio ya simu, Betri, iruhusu Signal ifanye kazi bila kizuizi, na iruhusu ijiwashe yenyewe. Bando la WhatsApp peke yake haliifungui Signal, itakula data ya kawaida, kwa hiyo zima upakuaji wa picha na video otomatiki kwenye data ya simu, na uwashe matumizi madogo ya data wakati wa kupiga. Kupitisha simu zote kwenye seva za Signal, ambako humficha mpigiwa anwani yako ya mtandao, hupunguza ubora wa sauti. Kwenye mtandao wa 3G utasikia tofauti.

Mtandao ukizimwa wote, kama Uganda wakati wa uchaguzi wa Januari 2021 na Tanzania tarehe 29 Oktoba 2025, Signal haifanyi kazi, na anayekuahidi vinginevyo anakudanganya. Ikizibwa Signal peke yake huku intaneti ikiwepo, kama Urusi ilivyofanya Agosti 2024, kuna proksi, yaani seva ya kati inayopitisha meseji zako hadi Signal. Ndugu aliye Muscat au Toronto mwenye seva ndogo, jina la kikoa na milango ya mtandao (port) ya 80 na 443 iliyo wazi anaweza kuiwasha, kisha akakutumia linki inayoanza na signal.tube. Ukiigusa, programu inauliza kama uitumie. Proksi hii inabeba trafiki ya Signal tu, haigeuzi simu nzima kama VPN, na mwenye proksi hasomi meseji. Ipokee kabla ya siku yenyewe, maana siku ya kuzibwa huna pa kuipokelea. Anayeegemea VPN Tanzania akumbuke tangazo la TCRA, mamlaka ya mawasiliano, la Oktoba 2023 lililowataka watumiaji kuziandikisha kabla ya tarehe 30 mwezi huo.

Mwisho ni laini yenyewe. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na kuuzwa upya, na mwenye laini mpya atapokea msimbo wa Signal akiuomba. Kama unaiacha namba, ingia Akaunti, Badilisha namba ya simu, ukiwa bado na laini zote mbili mkononi. Magrupu na mazungumzo hubaki. Kama unaiacha Signal, futa akaunti kwanza ndipo uondoe programu. Kuiondoa programu tu huiacha akaunti ikiwa hai, na watu wataendelea kukuandikia kwenye namba ambayo si yako tena.