Moshi wa Tanuri la Chuma: Mifuko ya Kitambaa au Maji?

Tanuri la umeme linaloyeyusha vyuma chakavu hutoa takribani kilo 10 hadi 20 za vumbi kwa kila tani ya chuma. Ndani yake mna zinki nyingi iliyotoka kwenye mabati ya zamani, kwa kuwa zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, kabla chuma chenyewe hakijayeyuka.

Mifuko ya kitambaa hunasa vumbi hilo likiwa kavu. Feni kubwa huivuta hewa ipite kwenye kitambaa, na tabaka la vumbi linalojijenga juu yake ndilo huwa chujio lenyewe, hata mfuko uliokwisha kutumika ukachuja vizuri kuliko mpya. Adui yake ni joto: poliesta huharibika ikikaa kwenye nyuzi zaidi ya 130 hivi, na cheche moja iliyoponyoka yatosha kuutoboa. Kwa hiyo ni lazima gesi ipozwe kwanza.

Njia ya pili ni kuiosha gesi kwa maji yanayonasa vumbi. Maji hayaogopi cheche, ndiyo maana viwanda vingi vinavyopuliza oksijeni kwenye chuma kilichoyeyuka, ambavyo gesi yake imejaa kaboni monoksidi inayoweza kuwaka, viliyachagua. Lakini kunasa chembe ndogo kabisa hudai gesi isukumwe kwa kasi kwenye koo jembamba la bomba, jambo linalokula umeme mwingi, na kinachobaki ni tope.

Kwa vyuma chakavu ningechagua mifuko, maana vumbi kavu lenye zinki ya kutosha hupata mnunuzi. Ila pasipo kofia ya kufyonza juu ya tanuri, moshi unaofumka kifuniko kinapofunguliwa hautaifikia mifuko wala maji.