Mti wa Krismasi wa kwenye sanduku: ncha 800, skrubu tatu na picha iliyotiwa chumvi

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sikukuu zikikaribia, mti wa plastiki hautembei tu, unakimbia: unakufuata kwenye simu, kwenye redio, na kwenye bango lenye bei iliyokatwa kwa mstari mwekundu, bei ambayo ni vigumu kumpata mtu aliyewahi kuilipa. Unachouziwa ni sanduku refu lenye picha. Kwenye picha kuna mti mnene, watoto waliochanwa nywele, paka mwenye adabu na rundo la zawadi. Pembeni, kwa herufi za ukubwa wa chawa, imeandikwa kwamba mapambo hayamo. Paka naye hayumo.

Tunaupima hapa mti wa aina iliyozoeleka kuliko zote: mita 1.8, vipande vitatu, stendi ya kukunja, na taa zinazouzwa kando.

Tuanze na tawi. Ni nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, na vipande vyembamba vya plastiki vimebanwa katikati yake. Kama unahisi kitu hicho umeshakiona bafuni, hujakosea. Brashi ya choo hutengenezwa vivyo hivyo, na katika miaka ya 1930 kampuni ya brashi iitwayo Addis ilikuwa miongoni mwa waliotoa miti ya namna hii. Kwa hiyo tawi likikuchoma vidole na kukataa kuinama kama jani, livumilie. Ni brashi iliyopandishwa cheo.

Namba kubwa iliyochapishwa mbele ya sanduku ni idadi ya ncha za matawi, na kwa mara moja tangazo limetaja kitu cha maana. Mti wa mita 1.8 wenye ncha chini ya 500 utakuonyesha shina lake la chuma kama mlingoti wa bendera. Ncha 700 hadi 900 zinatosha sebule ya kawaida. Zikipita 1,000, mti hujaa hata kabla ya kupambwa. Ila ncha huhesabiwa hata ikiwa fupi kama kidole, ndiyo maana miti miwili ya ncha 800 inaweza kusimama pamoja, mmoja ukaonekana mti na mwingine mwavuli uliopigwa na upepo. Linganisha uzito ulioandikwa kwenye masanduku. Waya na plastiki haviwezi kuigizwa kwenye mizani. Uliozidi kilo kadhaa una kitu ndani.

Kisha soma aina ya plastiki. Sindano bapa, zilizokatwa kwenye utando kama karatasi, ni PVC: nafuu, nyepesi, na hupukutika kidogo mwaka wa kwanza. Sindano nene zilizomiminwa kwenye kalibu ni polithini, na ndizo zinazofanana na za mti wenyewe. Maneno “kama halisi” kwa kawaida humaanisha mchanganyiko, polithini nje ambako jicho linafika na PVC ndani ambako halifiki. Si wizi, mradi wakuambie ni kiasi gani cha kila moja. Kwa kawaida hawasemi.

Urefu hupimwa kutoka sakafuni hadi kwenye ncha ya juu kabisa ikiwa imenyooshwa wima. Nyota haimo kwenye hesabu hiyo, basi acha angalau sentimita 20 kati ya ncha na dari. Upana husahaulika zaidi, na ndio huleta ugomvi nyumbani. Mti wa sentimita 110 chini unataka nafasi hiyo yote, pamoja na njia ya kupita mtu aliyebeba sinia.

Kuunganisha vipande ni kazi ya dakika tano, na hapo ndipo wengi huishia, kisha wanaandika malalamiko kwamba mti ni mwembamba. Mti umetoka kiwandani umebanwa kama samaki wa kopo, sasa lazima utanuliwe. Vaa glavu. Anza na kipande cha chini, kabla hujachomeka cha pili, maana baadaye mikono haitafika ndani. Kwa kila tawi anzia karibu na shina ukielekea nje: ncha moja kushoto, moja kulia, moja juu, ya mwisho mbele. Usizisukume zote upande mmoja kama manyoya ya kuku aliyelowa. Kwa ncha 800 tenga dakika 45 hadi saa moja na nusu. Mti wa kwenye picha umefanyiwa hivyo hivyo, isipokuwa aliyeufanyia alikuwa analipwa.

Stendi ndiyo sehemu dhaifu ya bidhaa hii. Shina huingia kwenye mrija na kubanwa kwa skrubu tatu za masikio. Ukikaza moja hadi mwisho kabla ya nyingine, mti utaegemea upande kama shahidi aliyepewa kitu kidogo. Kaza zote tatu kidogo kidogo kwa zamu huku mtu mwingine ameshika shina wima. Stendi ya plastiki usiikaze kwa koleo, hupasuka penye tundu la skrubu. Palipo na watoto wadogo au paka asiye wa kwenye picha, lipia stendi ya chuma.

Taa nazo zina historia ya kibiashara tangu mwanzo. Mwaka 1882 huko New York, Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, aliupamba mti wake kwa balbu 80 za umeme, nyekundu, nyeupe na bluu, na mti wenyewe ukawa unazunguka. Watu walishangaa. Walichokuwa wanatazama ni tangazo, kwani Johnson alikuwa na umeme wa kuuza. Baadaye, kuelekea miaka ya 1960, Wamarekani waliuziwa miti ya alumini isiyoweza kufungwa taa kwa hatari ya kupigwa na umeme. Suluhisho likawa taa ya sakafuni yenye gurudumu la rangi. Hiyo nayo, bila shaka, ilitaka kununuliwa.

Kipimo cha leo ni balbu 100 kwa kila sentimita 30 za mti, yaani 600 kwa mita 1.8. Hesabu ya “mita 10” kwenye pakiti mara nyingi huchanganya na waya usio na balbu wa kufikia soketi, hivyo tafuta urefu wa sehemu yenye balbu tu. Alama ya IP20 ni ya ndani pekee, IP44 huvumilia kurushiwa maji. Chukua za LED, hazipati joto la maana. Zile za zamani, zenye uzi unaowaka ndani ya balbu, hupitisha umeme balbu moja baada ya nyingine, na moja ikichomoka mstari wote huzimika, nawe unabaki unatikisa balbu 50 ukimtafuta mkosaji. Taa zozote ulizonunua ziwashe zikiwa bado sakafuni, kisha anza chini karibu na soketi, ukiingiza waya hadi shinani na kuurudisha nje.

Kuhusu kile kidude chenye kitufe na mitindo minane ya kumetameta: mtindo wa 8 ndio wa kuwaka tuli, na ndio karibu kila mtu anaoutaka. Ili kuufikia unapita saba za disko. Ukichomoa plagi, zile zisizo na kumbukumbu hurudi kwenye wa 1, kwa hiyo kila jioni unabonyeza mara saba. Ulizia kumbukumbu kabla ya kulipa. Miti inayokuja na taa zilizofungwa kiwandani hatuipendekezi: sehemu ikizimika, unakuta nyaya zimebanwa kwa vibanio mamia.

Nyota nzito huinamisha ncha ya juu. Funga kijiti chembamba kando yake kwa waya wa kijani, itasimama.

Januari sanduku lile lile halitakubali kuupokea mti. Kunja matawi kuelekea juu, funga kila kipande kwa kitambaa mahali pawili, weka kwenye mfuko mpana pasipopigwa na jua, kwani jua hupausha PVC. Taa zizungushie kwenye kipande cha boksi. Zile skrubu tatu zirudishe kwenye stendi yenyewe na kuzikaza, usizitie kwenye bakuli la vitu vidogo. Ukizipoteza, wauzaji wengi hawana skrubu za akiba. Wana miti, tena iko kwenye ofa.