Wameniulia wagonjwa walio hai

Naandika hasira zikiwa bado moto. Kama una data za wagonjwa wa saratani na unatafuta wa kukuchambulia, usiwaachie hawa jamaa faili ukaenda zako. Sisemi usiende kabisa. Au nasema? Ngoja.

Tasnifu yangu ni ya saratani ya mlango wa kizazi, ndiyo inayoongoza kwa wanawake hapa Tanzania. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: akina mama hawa wakimaliza mionzi wanaishi muda gani. Ofisi siitaji. Nililipa laki tatu na nusu, nikaambiwa wiki mbili, ikawa mwezi na ushee, simu hazipokelewi.

Ripoti ikaja, rangi tele. Ila grafu ya uhai imeporomoka kama ndoo iliyokatika kamba. Eti nusu yao wamekwisha kabla ya mwaka! Mama mmoja wa Kigoma alinipigia wiki hiyohiyo kuuliza dawa ya mgongo. Kwenye ripoti, marehemu.

Kumbe kila aliyerudi kwao na kuacha kliniki wamemhesabu amekufa siku ile alipoonekana mara ya mwisho. Njia ya Kaplan na Meier ipo tangu 1958, na kazi yake ndiyo hiyo: mgonjwa ahesabiwe kwa muda alioonekana, kisha atoke kwenye hesabu bila kuzikwa.

Nikaenda. Mkubwa wao hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Dokta, wewe tibu, namba tuachie sisi." Mbele za watu! Nikamwonyesha safu ya hali ya mgonjwa. "Uliacha wazi, tukajaza moja." Moja ni kifo, jamani.

Haya, ni kweli niliacha wazi. Kwingine niliandika "hajulikani", kwingine alama ya kuuliza. Na nilipaswa kuwaona kabla sijaanza kukusanya data. Lakini ukikuta pengo si unauliza?

Aliyenituliza ni kijana wa fildi. Akanivutia kiti. "Dada, umepanda daladala Kariakoo kwenda Mbezi, ukashuka Ubungo. Jirani yako umemwacha ndani. Kashuka wapi?"

Sijui. Ila mpaka Ubungo alikuwemo.

"Basi ndicho tunachoandika."

Tulikaa mpaka mlinzi akaja na funguo. Alirudia safu yote, mgonjwa mmoja mmoja, na grafu sasa inashuka ngazi kwa ngazi kama ilivyotakiwa. Halafu akanitia wasiwasi mpya: kama wanaoacha kuja ni wale waliozidiwa, grafu hii nayo itadanganya, itawapa uhai mrefu kuliko walionao. Hakuna aliyewahi kuniambia hilo, hata msimamizi wangu. "Piga simu kwao, dada."

Nimepiga. Baadhi ya simu walipokea watoto wao, na nikajua kabla hawajasema.

Kwa hiyo nyota ngapi? Nilikuja kutoa moja. Ya kijana ni tano, ya mkubwa wake hata nusu ni nyingi, na laki tatu na nusu yangu bado inaniuma. Tuseme tatu. Fildi yake inaisha mwezi ujao. Akiondoka, nazifuta zote.