Rangi ya Land Rover ya zamani: ipi ununue, ipi itakuumbua juani

Lalamiko ni lilelile. Mlango mmoja wa Land Rover 109, ile ndefu ya zamani, umepigwa rangi upya, ndani ya gereji umelingana na bodi, kisha gari likasogezwa nje na mlango ukaonekana umetoka gari jingine. Mwenye gari anamlaumu fundi, fundi analaumu kompresa. Mara nyingi kosa lilishanunuliwa likiwa ndani ya kopo.

Kwa hiyo hapa sipangi rangi kwa mng'aro wala kwa kasi ya kukauka. Rangi yoyote nzuri ya hadena, yaani inayochanganywa na dawa ya kuikausha iwe ngumu, inang'aa. Napima kitu kimoja ambacho wauzaji hawakitaji: je, rangi inabaki imelingana na bodi mwanga ukibadilika? Isiyobaki naiita ndumilakuwili.

Chanzo chake ni viini vya rangi, ule unga unaoipa rangi sura yake. Kijani nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zilipata unjano wake kutoka kwenye kromati ya risasi, kiini cha manjano chenye risasi. Leo risasi imeondolewa kwenye mifumo mingi ya kuchanganyia rangi, na kijani hiyohiyo hujengwa kwa manjano ya aina nyingine, kijani ya fthalosianini (kiini cha kutengenezwa) na nyeusi kidogo. Viini tofauti havirudishi mwanga kwa namna moja, hivyo rangi mbili zinaweza kukubaliana chini ya taa za tyubu za dukani na kukosana juani. Namba ya rangi haikuokoi. Bronze Green, kijani iliyokoza ya bodi, huuzwa kwa namba LRC001, Limestone ya paa na rimu kwa LRC007, lakini namba ni jina tu. Fomula, yaani vipimo vya kuchanganyia, chini ya jina hilo zinaweza kuwa kadhaa.

Anza na sampuli. Ukipiga gari zima, itafute mahali jua halijafika: chini ya mkeka wa sanduku la viti, nyuma ya dashibodi, chini ya mpira wa mlango. Ukipiga paneli moja tu, pima paneli jirani yake, maana ndiyo itakayokaa nayo. Osha kwa sabuni, futa grisi, pitisha msasa wa maji namba 2000 kidogo, kisha kompaundi ya kung'arishia mpaka kipande cha sentimita 5 kwa 5 king'ae. Rangi inayotoa unga, mashine ya dukani ya kupimia rangi huisoma kuwa nyeupe kuliko ilivyo. Usipige msasa mkavu, kwa sababu vumbi la rangi hizo linaweza kuwa na risasi.

Mashine ikishapima sehemu tatu, mwombe muuzaji akusomee tofauti kati ya rangi ya gari na fomula yake, yaani Delta E, chini ya mianga mitatu: D65 ambao ni mwanga wa mchana, A ambao ni balbu ya uzi, na F11 ambao ni tyubu. Kipimo changu ni chini ya 1 kwenye D65 na isizidi 1.5 kwenye A. Fomula yenye 0.4 kwenye tyubu na 3 kwenye mwanga wa mchana ni ya kuuzia, si ya kupigia gari. Muuzaji akikuambia mashine yake haina hesabu hiyo, huenda hajawahi kufungua ukurasa wake.

Kisha dai kadi ya majaribio. Ipigwe rangi juu ya michoro myeusi na myeupe hadi michoro isionekane tena, ikae saa 24, maana rangi mbichi na iliyokauka si moja. Iweke ubavuni mwa bodi saa sita mchana, halafu kivulini, halafu usiku chini ya balbu. Usilipie lita kabla ya kadi.

Namba moja kwangu ni Glasurit 22 Line, na upendeleo wangu siufichi. Ni rangi ya hadena ya hatua moja, haiwekewi vanishi juu, kwa hiyo inakaa kama rangi ya Solihull, kiwanda cha Land Rover Uingereza, ilivyokaa: ubapa wenye kina, si kioo. Glasurit pia wanatunza fomula za magari ya zamani. Kwa 109, nje na ndani ya milango, nunua lita 5 kabla ya hadena, na lita 2 za Limestone. Mimina makopo yote ya rangi moja kwenye ndoo moja, koroga, ndipo uanze.

Limestone usiichanganyishe kwa kikopo cha mililita 250. Ni nyeupe iliyotiwa tone la manjano na tone la nyeusi. Tone likiwa gramu 0.4 na mizani ikakosea gramu 0.1, umekosea robo nzima. Hapo ndipo mapaa yenye rangi isiyo yake yanapozaliwa. Anzia lita 1.

Za pili ni Standox, Spies Hecker na Sikkens, zile za hatua moja. Zikichanganywa na mtu makini, tofauti na ya kwanza ni ndogo.

Ya tatu ni selulosi, rangi ya kizamani isiyo na hadena. Sura yake ni ya kale kweli, lakini viini vyake ni vya leo, kwa hiyo undumilakuwili uko palepale, tena hunywea kwa miezi na tone la petroli linaweza kuiharibu.

Ya nne ni rangi ya msingi na vanishi juu. Husukumwa sana madukani, lakini kwenye ubavu bapa wenye riveti huonekana kama plastiki iliyolowa. Iachie magari yenye rangi za metaliki, zile za kumetameta.

Enameli ya kopo ni ya gari la shamba, na ukija kuipigia rangi ya hadena juu yake inaweza kuvimba na kukunjamana. Makopo ya kupuliza yanatosha kwa bawaba.

Sasa, bei. Unalipishwa kupima, unalipishwa kuchanganya, halafu unalipishwa kurekebisha kosa la yule aliyechanganya. Lebo inabandikwa bila fomula ili urudi kwake tu. Idai ichapishwe, gramu kwa gramu. Baya zaidi ni hadena iliyogawanywa kwenye chupa za maji. Hadena hunyonya unyevu wa hewa, hupata ukungu na kuganda, na rangi haikauki sawasawa. Nunua kopo lililofungwa kiwandani, ufuate uwiano ulioandikwa juu yake (2:1 ni wa kawaida, si sheria), na fundi avae barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Ya vumbi haizuii isosianati, kemikali yenye sumu iliyomo kwenye hadena.