Huduma ya uchambuzi wa data ya mtandaoni: miezi mitatu dukani kwangu Kariakoo

Ninauza vitenge na kanga Kariakoo, na wateja wangu wengi hunikuta Instagram kabla hawajafika dukani. Kwa miezi mitatu nimelipia huduma ya kampuni moja ya hapa Dar es Salaam, ambayo sitaitaja jina, inayotumia algoriti, yaani kanuni ambazo kompyuta huzifuata, kuchambua mibofyo, maoni ya wateja na yale ambayo watu wanayatafuta mtandaoni, kisha ikatuma ripoti kila Jumatatu.

Katika kuhesabu, huduma hii ni nzuri kweli. Ilinionyesha kwamba wateja hutazama picha zangu zaidi kati ya saa tatu na saa tano usiku, ilhali mimi nilikuwa nikizipandisha saa nne asubuhi, wakati wao wako kazini. Nilibadili muda, na sasa nikifungua duka nakuta oda zimeshaingia. Kwa macho yangu nisingeligundua hilo kamwe.

Tatizo huanza pale mashine inapotakiwa kuelewa maneno. Ripoti ya wiki ya pili ilidai kwamba kitenge changu cha bluu chenye maua ya njano kimechukiwa, ikanishauri nipunguze bei. Nilishangaa, maana zilikuwa zimebaki pisi mbili tu. Nilipoyafungua maoni yenyewe nikakuta: "Dada, hiki ni hatari", "Hii noma", "Balaa!" Mtoto yeyote wa mjini anajua kwamba hizo ni sifa, lakini algoriti ilizihesabu kuwa malalamiko. Zaidi ya hapo, "nimekipenda", "tumekipenda" na "nimevipenda" ziliorodheshwa kama maneno matatu yasiyohusiana, hivyo upendo wa wateja ukatawanyika kwenye jedwali na kuonekana mdogo. Kiswahili, ambacho kitenzi chake kimoja hubeba mtenda, wakati na mtendwa, hakiwezi kuchambuliwa kwa kuhesabu tu kila neno linalokaa kati ya nafasi mbili tupu. Hata mteja aliyeandika kwamba atapita "saa 4" alipangiwa miadi ya alfajiri, kabla hata adhana haijasikika.

Ripoti pia huambatanisha grafu za Google Trends, huduma ya Google inayoonyesha jinsi neno linavyotafutwa mtandaoni, bila maelezo, na hapa mfanyabiashara anaweza kuumia. Namba 100 kwenye grafu hizo ni kilele cha utafutaji kwa kulinganisha, ndani ya kipindi na eneo lililochaguliwa. Si idadi ya watu, wala haisemi kama waliotafuta walikuwa wengi au wachache. Nilipoona "kanga" imefika 100 nusura niagize robota mbili.

Kuhusu usiri sina lalamiko. Niliwauliza wanavyotekeleza Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na siku hiyohiyo wakanieleza wanachohifadhi na muda wanaokihifadhi. Namba za simu za wateja wangu hawazichukui.

Nimeongeza mkataba kwa sehemu ya mibofyo na muda pekee. Nimewaandikia pia nikiwaomba wamweke mtaalamu wa isimu ya Kiswahili pamoja na wahandisi wao, nikawapa maoni mia mbili niliyoyapanga kwa mkono, sifa upande wake na malalamiko upande wake, wayatumie kuifundisha mashine. Kwa sasa maoni ya wateja ninayasoma mwenyewe na mdogo wangu, jioni, tukishafunga hesabu.